Sanduku la Yath

Asubuhi ya siku ya nne Sajini Nchagwa alifungua kidirisha cha mlango wa seli, na kabla hajatoa salamu mtu wa ndani akamtangulia.

"Pamela ameamkaje?"

Swali ni lilelile. Aliliuliza juzi, akaliuliza jana. Hajauliza habari za wakili, wala korti, wala chai. Mtu huyo aliitwa Nicanor, dresa, yaani mhudumu wa tiba, wa zahanati moja ndogo upande wa Sindo, na Pamela ni binti yake wa miaka sita. Mtoto alikuwa amelala mkekani katika zahanati hiyohiyo, anahara damu pamoja na wagonjwa wengine kumi na wanane. Dawa ya kuwatibu ilipotea, na baba yake ndiye aliyefungiwa huku Homa Bay kwa shtaka la kuiiba.

"Dereva wa basi la jana anasema yuko hai," Nchagwa alijibu.

"Hai wa kukaa, ama hai wa kulala?"

"Sikumuuliza hivyo."

"Ungemuuliza, afande. Mtoto akiweza kukaa, ana siku mbili tatu. Asipoweza kukaa, hizo ni saa."

Nchagwa alifunga kidirisha. Alikuwa na miezi mitatu tu katika wilaya hii. Kwao ni Bukira, mpakani kule, lakini kazi ilikuwa imemzungusha Nakuru na Mombasa miaka kumi na moja, na Kijaluo chake kilikuwa cha kuombea maji na kuulizia njia. Alijua kuchukua maelezo ya mashahidi, na aliyachukua kwa mwandiko safi ambao mkuu wa kituo aliupenda kuwaonyesha makonstebo wapya.

Na kwenye karatasi kesi ilikuwa safi vilevile. Meli ilileta mgao wa dawa wa miezi mitatu. Mwingine hauji mpaka Julai. Tangu serikali itangaze mwaka jana kwamba matibabu ni bure, foleni za zahanati zimeongezeka, ila masanduku hayakuongezeka hata moja. Sanduku la Sindo lilipakiwa kwenye lori, likafika na mvua. Dereva aliogopa mto usije ukamfungia njia ya kurudi, akamharakisha Nicanor, na Nicanor akatia sahihi: dawa, sanduku moja, lakiri nzima. Lori likaenda zake. Saa moja baadaye Nicanor akatuma habari kwamba amefungua sanduku akakuta mikebe ya mbegu za miti.

Mbegu za miti. Mkuu wa kituo alicheka mpaka akakohoa. Ni serikali gani hiyo inayowapelekea wagonjwa mbegu? Isitoshe, Nicanor alikuwa na shamba nyuma ya zahanati na mwaka jana aliomba miche ya kupanda. Ikasemwa ameuza dawa, akatia mbegu zake sandukuni. Uvumi ukasema wafugaji wa Ogwedhi wananunua vidonge vya watu kwa ajili ya ndama wanaohara, basi siku ya pili Nchagwa akashinda kwenye mnada wa ng'ombe wa Ogwedhi, akakanyaga mavi kutwa nzima, akauliza watu arobaini, na hakupata hata kidonge kimoja. Jambo hilo lilimkera. Mtu aliyeiba dawa huiuza, na dawa ikiuzwa lazima kuna mnunuzi. Huyu mnunuzi amejificha wapi?

Asubuhi hiyo alichukua Landrova akarudi pale kesi ilipoanzia, kwenye stoo ya mizigo karibu na gati.

Karani wa stoo, Elkanah, alikuwa ameketi. Nchagwa hakuwahi kumwona amesimama. Meza yake ilikuwa katikati ya chumba, kiti chake kina mto, na kila kitu alichohitaji kiliwekwa kwa umbali wa mkono.

"Sajini, mimi nilishasema yangu yote. Sanduku lilitoka hapa na lakiri yake."

"Ulilitoa kwa mkono wako?"

"Mimi ni karani. Sibebi."

"Nani alibeba?"

Elkanah hakuinua hata kidole. Alichongoa midomo upande wa mlango, aliposimama hamali wake, mzee Onyango, na gunia begani. "Si huyo."

"Huyo alishaniambia siku hiyo alibeba miti."

"Basi alibeba miti," Elkanah alisema, akaanza kutafuta kalamu ambayo ilikuwa mkononi mwake.

Nchagwa aliiona ile kalamu. Aliiweka moyoni, akatoka nje kufikiri. Alikuwa ameshashika kitasa cha mlango wa Landrova pale mwanamke mmoja mwenye kikapu alipofika akamsemesha Onyango.

"Adwaro yath," mwanamke alisema.

Onyango akamwonyesha kivuli cha ule mti ulio mbele ya stoo. "Bed piny e bwo yath."

Mwanamke akaenda akaketi chini ya mti. Nchagwa alibaki na kitasa mkononi. Neno yath alilijua. Lilikuwa kwenye maelezo ya Onyango, na yeye mwenyewe ndiye aliyelitafsiri kuwa mti. Lakini hakuna mtu anayekuja stoo na kikapu kuomba mti.

"Mama, samahani," alimwendea. "Umemwambia huyu mzee unataka nini?"

"Dawa, afande. Ya kichwa. Wamesema stoo ya dawa ndio hii."

"Na yeye amekuambia nini?"

"Nikae chini ya mti, karani akimaliza ataniona."

"Lakini nyote wawili mmesema yath."

Mwanamke alimtazama kwa huruma, vile mtu anavyomtazama mgeni aliyevaa shati nyuma mbele. "Mti ni yath. Dawa ni yath. Kwani kwenu dawa inatoka wapi, kama si kwa mti?"

Kwao Bukira mti ulikuwa na jina lake na dawa ina lake. Nchagwa alitoa kitabu chake mfukoni na kufungua ukurasa wa siku ya kwanza. Maneno yalikuwa pale, kwa mwandiko ule safi: *Siku hiyo nilibeba miti. Mmoja ulikwenda Sindo, mwingine ulikwenda Ogwedhi.* Alikuwa amedhani ni nguzo za kujengea, kibarua cha pembeni cha hamali. Akamwacha mzee aende, akaenda Sindo kumkamata Nicanor.

"Mzee Onyango, weka gunia chini. Siku ile nilikuuliza yath ni nini."

"Uliniuliza."

"Ukanionyesha huo mti."

"Uliuliza yath ni nini, mimi nikakuonyesha yath. Ungeuliza yath gani, ningesema ingine." Onyango alijipangusa jasho. "Mimi afande najua Kiswahili ya kubeba tu. Ya korti sina."

"Ulibeba nini hasa?"

"Sanduku mbili."

"Ndani yake?"

"Moja dawa ya hospitali. Moja mbegu ya watu wa msitu. Ilikuja na meli moja. Stoo ya watu wa msitu inavuja, karani akasema wacha ikae hapa."

Nchagwa alihisi masikio yake yakipata moto. "Nani alikuambia lipi liende wapi?"

"Karani. Alisema, yath hii Sindo, yath hii Ogwedhi."

"Alikuonyesha kwa kidole?"

Onyango akachongoa midomo, mara moja, halafu mara ya pili. "Hivi, na hivi."

"Yeye akiwa wapi?"

"Kwa kiti."

"Na masanduku yalikuwa yamekaaje?"

"Moja juu ya ingine."

Nchagwa aliandika upya. Masanduku mawili, moja juu ya jingine, na mtu anayeelekeza kwa midomo kutoka kitini. "Hayakuwa na karatasi zenye majina?"

"Maji ya meli ilitoa karatasi. Na hata kama ingekuwa, mimi sisomi."

Aliingia ndani tena. Safari hii hakungoja kukaribishwa. Aliketi juu ya meza, juu ya makaratasi ya Elkanah.

"Sanduku la mbegu lilikuwa hapa. Ulinificha."

"Sikuficha. Hukuuliza."

"Elkanah."

Karani alivua miwani. "Sina ruhusa ya kuweka mzigo wa idara nyingine. Nilimfanyia mtu hisani. Wakijua, nimekwisha."

"Uliposikia dresa wa Sindo amekuta mbegu, ulijua?"

"Nilishuku tu."

"Siku ngapi umeshuku?"

Elkanah aliipangusa miwani kwa shati. Nchagwa alitaka kumpiga kofi, na alisema hivyo, kwa sauti ya chini kabisa, halafu akateremka mezani. "Inuka. Leo utasimama. Utakwenda kituoni kwa miguu yako, umwambie mkuu wa kituo hayo uliyoniambia, na Onyango atakuwa nyuma yako. Nikirudi nikute umeshatia sahihi."

Barabara ya Rongo ilikuwa imelowa, na baada ya Rongo ikawa tope lenyewe. Alipita malori mawili yamelala ubavu. Migori alisimama kuweka petroli, akanywa chai ya rangi akiwa wima, akakunja kushoto kuelekea mpaka wa Umasai. Njia nzima alikuwa akijiuliza jambo moja. Ikiwa watu wa miti wa Ogwedhi waliletewa dawa badala ya mbegu, kwa nini hawakulalamika? Mtu akikosa mzigo wake hupiga kelele. Kimya cha Ogwedhi kilimtisha kuliko kelele.

Hapakuwa na mnada siku hiyo. Uwanja ulikuwa mtupu, na kitalu cha miche kilikuwa nyuma ya kambi ya chifu, hatua mia hivi kutoka mahali alipouliza wale watu arobaini. Mtunza kitalu alimjua mara moja. Aliitwa Nyarangi, mtu mrefu mwenye kofia ya sufu.

"Karibu tena, afande. Siku ile ulikunywa maji yangu ukaenda bila kuona kazi."

"Nimekuja kuiona. Uliletewa sanduku?"

"Nimeletewa," Nyarangi alisema, na uso wake wote ukafurahi. "Miezi sita nimeomba dawa ya mchwa. Barua nne. Mchwa wamenimalizia miche. Nilishakata tamaa, halafu dereva wa lori akanishushia, akasema, haya, dawa yako hii. Njoo uone."

Nchagwa alimfuata. Miche ya mikaratusi ilikuwa imepangwa safu kwa safu, kila mche kwenye karatasi yake nyeusi, na chini ya kila mche, juu ya udongo uliolowa, palikuwa na kidonge cheupe. Vingine vilikuwa vimeanza kuyeyuka. Safu ilianzia mlangoni ikaishia kwenye uzio.

"Nani alikuambia ni ya mchwa?"

"Sasa afande, mtu wa miti akiletewa dawa, itakuwa ya nini? Ya kikohozi?" Nyarangi alicheka peke yake. "Ila ni dhaifu. Mchwa bado wanakula. Nadhani nimeweka kidogo. Nikishakula ugali nitaongeza, niweke tatu tatu, nimalize sanduku lote."

"Umebakiza mikebe mingapi?"

Kitu fulani katika sauti ya Nchagwa kilimfanya Nyarangi avue kofia. "Tisa. Ilikuwa kumi na miwili."

"Haijafunguliwa?"

"Hiyo tisa bado. Kwa nini?"

Nchagwa akamwambia. Alimwambia yote, kwa maneno machache: Sindo, kuhara damu, watu kumi na tisa, mtoto wa miaka sita. Nyarangi alipiga magoti kwenye safu ya kwanza akaanza kuokota vidonge kwenye tope, kimoja kimoja, akivipangusa kwa kofia yake.

"Acha hivyo," Nchagwa alisema. "Vimeshaharibika."

"Ningejua kusoma hiyo Kizungu ya mkebe," Nyarangi alisema, bado anaokota. "Ningejua tu kusoma."

Walibeba sanduku pamoja mpaka kwenye Landrova. Nyarangi alilifunga kwa kamba ya katani mara nne, akajaribu fundo, akalifunga tena.

Saa tisa na nusu Nchagwa alikuwa Homa Bay. Elkanah ameshatia sahihi. Mkuu wa kituo aliyasoma maelezo mara mbili, hakucheka, akaandika amri ya kumwachilia mshukiwa. Nchagwa alifungua mlango wa seli wote, si kidirisha.

"Twende. Dawa iko kwenye gari."

Nicanor hakuuliza imepatikanaje. Alitoka bila viatu vyake, ikabidi konstebo amfuate navyo.

Walishapita nusu ya bonde la Lambwe, Landrova ikiteleza kama imepakwa sabuni, ndipo Nicanor, aliyelipakata sanduku muda wote huo, alipotaka kujua. Nchagwa alimtupia kile kitabu. Nicanor alisoma ukurasa wa siku ya kwanza, akaurudia, akakiweka kitabu juu ya sanduku.

"Hapa umeandika miti."

"Ndiyo."

"Onyango alisema yath?"

"Ndiyo."

"Sikusomewa haya maneno."

"Mshukiwa hasomewi maelezo ya shahidi. Utaratibu ni kusubiri korti."

"Mimi nimezaliwa Rusinga, afande, Kijaluo ndiyo lugha yangu. Ungenisomea hilo neno moja tu, mlangoni pale, siku ya kwanza. Ningekuambia kabla hujafunga kidirisha." Hakusema kwa hasira. "Kila asubuhi ulikuja. Dakika tatu nne tulikuwa tunaongea."

Nchagwa alibadilisha gia. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Yeye aliuliza kweli, lakini aliuliza nusu, kwa mtu mmoja, akaridhika na jibu kwa sababu lilijaa vizuri kwenye mstari. Alisema, "Nimekosa, Nicanor. Nimekukosea vibaya." Nicanor alitikisa kichwa, na haikujulikana kama anakubali au anasikiliza mngurumo wa gari.

Walifika jua likiwa bado juu kidogo ya maji. Jedidah, mke wa Nicanor, alikuwa mlangoni pa zahanati, nguo zimelowa, sufuria ya maji ya chumvi mkononi. Alimtazama mumewe, akatazama sanduku, hakutoa machozi wala salamu.

"Anakaa?" Nicanor aliuliza.

"Tangu jana hakai."

Nicanor alipita naye ndani. Nchagwa aliwekewa kinu na mchi, akaambiwa aponde vidonge vya watoto, viwe unga kabisa, asiache chenga. Aliponda. Hakuna aliyemwita afande. Kulipoanza kuwa giza Jedidah alimwambia inatosha, naye Nchagwa akaenda kujilaza ndani ya Landrova, na hakulala.

Asubuhi ukungu ulikuwa umekaa juu ya ziwa na mitumbwi ilishatoka. Nchagwa alinawa uso kwenye pipa la maji ya mvua, akaenda hadi mlango wa zahanati. Ulikuwa umerudishiwa. Alisimama pale akijipanga, mtu wa miaka kumi na moja ya kazi, sajini, na alipogonga mlango ukafunguliwa, hakuona neno jingine la kusema.

"Pamela ameamkaje?"

Nicanor alikuwa na macho mekundu na mikono yenye unga mweupe. Nyuma yake, kwenye mkeka wa kwanza, mtoto mwembamba alikuwa ameegemezwa ukutani, mama yake amemshika bega.

"Ameomba uji," Nicanor alisema.

Nchagwa alishika mwimo wa mlango. Alitaka kusema asante, ila hakujua amwambie nani. Kisha akaona kwamba mkeka wa pili ulikuwa mtupu, umekunjwa, na wa mwisho pale kona vilevile.

"Milka alikufa juzi," Nicanor alisema, akifuata macho yake. "Na mama Priscah jana asubuhi, kabla hujafungua kidirisha." Alijipangusa mikono kwenye shati, akarudi hatua moja kumpisha. "Ingia na kitabu chako, afande. Ndugu zao wako ndani na wanataka kuandikisha maneno. Keti hapa karibu na mimi. Leo nitakutafsiria."